Dunia ikigeuza uchumi wake, Kwale itauza nini?

Mwaka 2013 shughuli mbili zilianza Kwale karibu wakati mmoja. Ya kwanza kila mtu aliiona: mgodi wa titaniamu wa kampuni ya Base Titanium, pamoja na mitambo yake, malori yake na meli zilizokuja kupakia mzigo Likoni. Ya pili haikuwa na kelele. Wakaazi wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, walianza kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko.

Desemba 2024 mgodi ulimaliza kuchimba. Mchanga wenye madini ya kutosha kulipia gharama ulikuwa umekwisha. Katika miaka yake ya nguvu, mgodi huo peke yake ulitoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote yaliyochimbwa Kenya. Mikoko ya Gazi ingali imesimama, na inauzwa bila kukatwa.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mikoko imeshinda mgodi. Hesabu hazisemi hivyo. Mapato ya Mikoko Pamoja hutosha kuvuta maji kijijini, kununua vitabu vya shule na kulipia ulinzi wa msitu. Hayawezi kuziba pengo la mishahara ya mamia ya wafanyakazi wa mgodi, wala biashara za wauza chakula, wenye nyumba za kupangisha na wenye magari walioishi kwa mishahara hiyo. Kwa hivyo swali la Kwale ni zito kuliko linavyoonekana. Mgodi umefungwa wakati uleule ambapo uchumi wa dunia nzima unajaribu kugeuka na kuacha kutegemea vitu vinavyochafua hewa. Mgeuko huo ukifika hapa, utafika kwa sura gani?

Moshi kupata bei

Kwa zaidi ya miaka 200 viwanda vya dunia vimeendeshwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na moshi wake haukuwa na bei. Aliyeuchafua anga hakulipa chochote. Aliyelipa ni mfugaji wa Kinango aliyepoteza ng'ombe kwa ukame, au mvuvi aliyekuta matumbawe yamekufa kwa joto la maji.

Mkataba wa Paris wa 2015 ulikusudia kubadilisha hesabu hiyo. Nchi zilikubaliana kuzuia joto la dunia lisipande kufikia nyuzi 2 juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda, na kujitahidi liishie nyuzi 1.5. Ahadi hiyo ikitekelezwa, uchafu hupata bei na visivyochafua hupata soko.

Dalili zipo. Kati ya 2010 na 2020 bei ya umeme wa jua ilishuka sana, kiasi kwamba katika nchi nyingi ni nafuu kujenga mtambo wa jua kuliko wa makaa ya mawe. Mwaka 2024 magari ya umeme zaidi ya milioni 17 yaliuzwa duniani, yaani zaidi ya gari moja kati ya kila matano mapya. Tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya unamtoza mwagizaji wa saruji, chuma, aluminiamu au mbolea kulingana na kaboni iliyotoka bidhaa hiyo ilipotengenezwa. Kuanzia 2027 mashirika ya ndege za kimataifa kutoka nchi nyingi yatalazimika kununua krediti za kaboni ili kufidia ongezeko la uchafuzi wao. Kenya haianzi nyuma katika mbio hizi: karibu asilimia 90 ya umeme wake unatokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo wa Turkana na jua.

Lakini upande wa pili nao una dalili zake. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa tena katika Mkataba wa Paris. Oktoba mwaka huohuo, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini ziliahirisha kwa mwaka mmoja kura ya kuweka ada ya uchafuzi kwa meli. Ndiyo maana wachumi wanapozungumzia mgeuko huu hawatabiri mustakabali mmoja, bali kadhaa. Kwa Kwale, tatu zinastahili kufikiriwa. Huenda zikaja zote pamoja, kila moja kwa kipimo chake.

Iwapo kaboni itapata bei ya kweli

Soko la dunia si geni kwa mikoko ya Pwani. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kupeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ni haba na paa za nyumba zilihitaji mbao ngumu zisizoliwa na mchwa. Wafanyabiashara walihesabu kwa korija, miti 20 kwa korija moja, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Serikali ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Mnunuzi wa leo ni wa aina nyingine. Analipa ili mti usikatwe.

Anachonunua huitwa krediti. Krediti moja ni tani moja ya hewa ya kaboni ambayo imezuiwa isiingie angani, au imeondolewa huko. Kampuni ya ng'ambo iliyoshindwa kupunguza uchafu wake wote hununua krediti hizo ili kufidia sehemu iliyobaki. Mikoko inapendwa katika soko hili kwa sababu kaboni yake nyingi haimo katika mti unaoonekana. Imo katika tope lililo chini ya mizizi, ambako majani na mizizi iliyokufa hukaa bila kuoza kwa sababu maji ya chumvi yanazuia hewa isifike. Tope hilo likiachwa lilivyo, hutunza kaboni kwa mamia ya miaka. Msitu ukifyekwa na jua likaupiga udongo, kaboni hiyo huanza kutoka. Kwa kila hekta, mikoko huweka kaboni mara kadhaa kuliko misitu mingi ya bara.

Kuihesabu ni kazi ya mikono na miguu iliyozama kwenye tope. Eneo hugawanywa katika viwanja vidogo vya sampuli. Kila mti hupimwa unene na urefu, na aina yake huandikwa: mkoko, mchu, muia, mkandaa au mlilana. Udongo hutolewa kwa bomba na kupelekwa maabara. Gazi ilikuwa na bahati moja ambayo vijiji vingi havina. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo hapohapo kijijini, na watafiti wake walikuwa wameshapima msitu huo kwa miaka mingi kabla hata wazo la kuuza kaboni halijazaliwa. Hesabu yao, iliyoidhinishwa chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo, inaruhusu kuuza tani zipatazo 3,000 kwa mwaka. Mradi huo ndio uliokuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata nyayo kwa mradi wao wenye hekta zipatazo 460.

Bei ndiyo inayoamua iwapo hii ni biashara au ni hisani. Tuchukue tani 3,000 za Gazi kama mfano. Krediti ikiuzwa dola 5, jamii itaingiza dola 15,000 kwa mwaka, ambazo ni karibu shilingi milioni 1.95 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Ikiuzwa dola 20, itaingiza karibu shilingi milioni 7.8. Msitu ni uleule, walinzi ni walewale, kazi ni ileile. Tofauti inatokana na sheria zinazopitishwa Brussels, Montreal au katika mikutano ya tabianchi, na imani ya mnunuzi kwamba anachouziwa kipo kweli.

Imani hiyo imetikisika. Januari 2023 uchunguzi wa gazeti la The Guardian la Uingereza na wenzake wa Ujerumani ulidai kwamba krediti nyingi za misitu ya mvua zilizokuwa zimeidhinishwa na shirika la Verra hazikuwakilisha upungufu wowote halisi wa ukataji miti. Verra ilipinga matokeo hayo, lakini wanunuzi wengi walirudi nyuma. Soko la hiari lililokuwa na thamani ya takriban dola bilioni 2 mwaka 2021 lilianguka hadi chini ya dola bilioni 1 mwaka 2023. Hapa Kenya, Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilizokuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni wa kaskazini zilianzishwa bila kufuata sheria, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Sheria za dunia zikikaza, mradi usio na ushahidi utakosa mnunuzi na wenye ushahidi utapandishwa bei. Mnunuzi atauliza: miti hii ingekatwa kweli kama fedha hizi zisingekuwepo? Atauliza pia kama wakataji wamehamia msitu wa jirani tu. Gazi ilijibu swali hili la pili kwa kupanda mivinje mahali pengine ili watu wapate kuni na nguzo za kujengea, na jibu hilo lina thamani ya fedha. Kisha ataulizia usalama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi hadi kwenye hori la Mwache, yakafunika mizizi na kuua mikoko ambayo hakuna mtu aliyeigusa kwa shoka. Mkulima anayelima ukingoni mwa mto huko juu ana uhusiano na krediti zinazouzwa kule chini, hata kama hajawahi kuona bahari.

Iwapo kitakachokimbiliwa ni madini

Mgeuko huu una sura nyingine, isiyozungumzwa sana katika warsha za mazingira. Gari la umeme na mtambo wa upepo hutengenezwa kwa vitu vinavyochimbwa ardhini. Sumaku zenye nguvu zilizo ndani ya mota zake hutumia neodimiamu, moja ya kundi la metali ambazo wataalamu huziita madini adimu. Chuma chepesi na kigumu huongezwa niobiamu. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa mno ya madini adimu ya dunia, na nchi nyingine zinatafuta pa kuyapata nje ya mkono wake.

Kilima cha Mrima, katika Lunga Lunga, kina vyote viwili. Kina pia msitu uliohifadhiwa kisheria na kaya ya Wadigo ambayo wazee wameitunza kwa vizazi. Kwa hiyo, kilima hicho kidogo kinadaiwa na pande mbili za uchumi huohuo mpya. Wanaotaka misitu isimame wanakitaka kilivyo. Wanaotaka magari ya umeme wanataka kilichomo ndani yake. Wote wawili husema wanaokoa tabianchi.

Mrima imeshafundisha somo moja ghali. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, na miezi michache baadaye leseni hiyo ikafutwa. Kampuni ilikwenda katika mahakama ya usuluhishi ya uwekezaji ya Benki ya Dunia kudai fidia kubwa kutoka kwa Kenya. Oktoba 2018 jopo la waamuzi lilitupilia mbali dai hilo. Sababu haikuwa kwamba madini hayapo. Sababu ilikuwa kwamba leseni ilitolewa bila masharti ya kulinda mazingira kutimizwa, ikiwemo tathmini ya athari za mazingira, na hivyo haikuwa halali tangu mwanzo. Makaratasi ambayo wengi huyaona kuwa ya kuchelewesha kazi ndiyo yaliyoiokoa nchi.

Tangu wakati huo, serikali ya taifa imeyaweka madini adimu na niobiamu katika orodha ya madini ya kimkakati, na kampuni kutoka mabara kadhaa zimeonyesha hamu tena. Iwapo siku moja uchimbaji utaruhusiwa, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Wakaazi wa Kwale wanajua tofauti kati ya fungu lililoandikwa na fungu lililofika. Kaunti zenye migodi, Kwale ikiwa mojawapo, zililazimika kudai sehemu yao kwa miaka baada ya sheria hiyo kupitishwa.

Mgodi wa titaniamu nao unaacha maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla ya kuchimba popote pengine. Ni nani atakayeimiliki ardhi iliyofukiwa na kupandwa upya? Itatumika kwa kilimo, viwanda au malisho? Kijana aliyejifunza kuendesha mtambo mkubwa kwa miaka 10 ataupeleka wapi ujuzi huo? Mgodi wowote una siku yake ya mwisho. Tarehe hiyo hujulikana mapema, angalau kwa makadirio. Mkataba unaweza kuitaja, na kusema kazi na ardhi zitakuwaje siku ya pili yake.

Iwapo dunia itasitasita

Mustakabali wa tatu hauna kishindo. Nchi tajiri zinabishana, ahadi zinaahirishwa, fedha zinakuja kwa vibaba, na joto linaendelea kupanda. Katika hali hiyo soko la kaboni linabaki dogo, madini yanachimbwa polepole, na gharama ya ukame na mafuriko inawaangukia walio karibu nayo.

Kwale inaijua hali hii. Ni mojawapo ya kaunti 23 ambazo Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame inazihesabu kuwa kame au nusu kame. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo ikiwa hafifu katika sehemu kubwa ya nchi, na Kinango na maeneo ya nyika ya Lunga Lunga yaliumia. Kila shilingi inayotumika kusomba maji kwa lori ni shilingi isiyojenga zahanati. Kisha ukame huleta ukataji: mifugo ikifa, makaa huwa ndiyo mshahara wa mwisho uliobaki, na nyika inayofyekwa leo huikaribisha njaa ya mwaka kesho.

Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi Septemba 2023, viongozi walitoa azimio la kutaka kodi ya dunia nzima juu ya kaboni, ikiwemo ya biashara ya mafuta, meli na ndege, ili fedha za kukabiliana na tabianchi zisitegemee huruma. Hadi sasa kodi hiyo haipo. Kilichopo ni kidogo lakini kiko karibu. Mpango wa kufadhili shughuli za tabianchi mashinani, unaojulikana kama FLLoCA, unazipa kaunti fedha kwa masharti kwamba zitenge pia sehemu ya bajeti yao wenyewe, na kwamba kamati za wadi ndizo zitakazotaja miradi. Bwawa la maji, mbegu zinazostahimili ukame au kisima chenye pampu ya jua huenda visitajwe katika mikutano ya dunia, lakini vina maana katika mustakabali wowote kati ya hii mitatu.

Ni katika mustakabali huu ndipo biashara ndogo za pwani zinapopimwa. Chukua mwani. Wanawake wa Kibuyuni na vijiji vya jirani hufunga vipande vya mwani kwenye kamba wakati maji yamekupwa, huvuna, hukausha na kuuza kwa wanunuzi wanaoupeleka nje. Viwanda huko hutoa ndani yake ute wa kugandishia dawa ya meno, maziwa na vyakula vingine. Ni zao linalosifiwa katika kila mpango wa uchumi wa buluu, kwa kuwa halihitaji mbolea, maji baridi wala shamba. Lakini maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi, mwani hupauka na kukatika. Tena mkulima anayeuza mwani mkavu tu hana sauti juu ya bei. Zanzibar, ambayo imelima kwa miaka mingi zaidi na kwa wingi mkubwa zaidi, imekuwa ikilalamikia bei hizohizo. Akina mama wa Kibuyuni wameanza kutengeneza sabuni, na hapo ndipo tofauti ndogo ya bei inapobaki kijijini.

Utalii wa Diani uko katika njia panda hiyohiyo. Mgeni anatoka Ulaya kwa ndege, na ndege ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kusafisha. Tiketi ikipanda kwa sababu ya ada ya kaboni, huenda wageni wakapungua. Joto likipanda bila ada yoyote, matumbawe wanayokuja kuyaona yatapungua. Hoteli zitakazopona ni zile ambazo hazikutegemea mgeni wa aina moja peke yake.

Kabla ya kutia sahihi

Kati ya njia zote hizi, ya kaboni ndiyo inayofika vijijini kwa kasi zaidi, mara nyingi kwa sura ya mgeni mwenye gari zuri, ramani na karatasi za kutia sahihi. Wengine wana miradi ya kweli. Wengine ni madalali tu. Ndiyo maana Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023, na kanuni za soko la kaboni zikatolewa mwaka 2024. Yafuatayo yanamhusu kila anayeishi karibu na msitu, malisho au mikoko.

Mradi wa kaboni juu ya ardhi ya umma au ya jamii hauwezi kuendeshwa kihalali bila mkataba wa maendeleo ya jamii. Serikali ya taifa na serikali ya kaunti husika zina wajibu wa kusimamia na kufuatilia mazungumzo ya mkataba huo. Kwa hiyo anayewaambia wazee kwamba kaunti haina haja ya kujua, au kwamba itaarifiwa baadaye, tayari ameshakosea.

Kwa miradi inayotegemea ardhi, kama vile misitu, mkataba sharti uipe jamii kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotegemea ardhi ni angalau asilimia 25. Hizi ni sakafu, si dari. Jamii inaweza kudai zaidi. Jambo la kuangalia kuliko asilimia yenyewe ni neno mapato: ni gharama zipi zinazoondolewa kabla ya kugawa, nani anazikagua, na jamii itaonyeshwa wapi bei ambayo krediti ziliuzwa kweli? Asilimia 40 ya hesabu usiyoiona haipimiki.

Muda nao una uzito. Miradi ya kaboni huchukua miaka 20, 30 au zaidi. Mzee anayetia sahihi leo anamfunga mjukuu wake. Inafaa mkataba useme ni lini utapitiwa upya, nini kitatokea bei ya dunia ikipanda mara tatu, na kama mwekezaji anaweza kuuuza mradi kwa mwingine bila jamii kuulizwa. Matumizi ya kila siku yaandikwe waziwazi pia: nani ataruhusiwa kuokota kuni kavu, kutega kaa, kuweka mizinga ya nyuki, kupitisha mifugo wakati wa kiangazi, na kuingia kayani kwa ibada. Katika vijiji vingi mapato haya madogo ndiyo yanayolisha nyumba za wajane na vijana wasio na shamba. Yakisahauliwa kwenye karatasi, watakaokuwa wa kwanza kukamatwa na walinzi wa mradi ni hao.

Mikoko ina jambo lake la pekee. Ni msitu wa umma chini ya Shirika la Huduma za Misitu, wala si mali ya mtu mwenye shamba linalopakana nayo. Gazi na Vanga ziliweza kuuza kaboni kwa sababu wakaazi walijiandikisha kwanza kama chama cha misitu cha jamii, kikaingia makubaliano ya usimamizi na shirika hilo, ndipo krediti zikafuata. Mtu binafsi anayeahidi kununua kaboni ya mikoko kutoka kwa familia moja anauza maneno.

Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni utaratibu uliomo ndani ya mkataba wenyewe, na sheria inatoa siku 30 za kuumaliza. Ukishindikana, hupelekwa mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Jamii isiyo na nakala ya mkataba wake haitakuwa na cha kuonyesha huko. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kwa katibu, na nyingine katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ambako mkaazi yeyote anaweza kuomba kuisoma.

Maandishi kamili ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi na marekebisho yake, pamoja na Sheria ya Madini, yanapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Jamii iliyofikiwa na mwekezaji wa kaboni au wa madini inaweza kuwasilisha maswali kupitia msimamizi wa wadi au kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi, na ifanye hivyo kabla ya kikao cha kutia sahihi. Mazungumzo yaendeshwe kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa, Kidigo, Kiduruma au Kiswahili, na karatasi ya Kiingereza isomwe ikitafsiriwa, ukurasa baada ya ukurasa.